Siku Mbili Bila Zamu

Mwalimu Zeno alipofariki mwaka jana, chumba chake cha nyuma pale Makanyagio, mjini Mpanda, kiligeuzwa stoo ya msiba. Nilitumwa humo kuchukua ungo, nikakuta magunia mawili ya mchele wa Mpimbwe, sufuria za kuazima zilizoandikwa majina ya wenyewe kwa rangi nyekundu, na kreti tupu za soda. Nilisimama katikati ya vitu hivyo nikiwa nimesahau nilichofuata. Ukutani, juu ya magunia, palikuwa na alama za mraba, nyeupe kuliko sehemu nyingine za ukuta, pale zilipokuwa zimebandikwa kadi zetu. Wanawake waliokuwa nje wakaita, "Mama Neema, huo ungo umekwenda kuusuka?" Wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka msibani, wakiwa wameinamisha vichwa. Nikautoa ungo. Lakini kazi yote ya siku ile niliifanya kwa mikono tu. Kichwa kilibaki mle ndani, katika mwaka ule wa mvua za Elinino, nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Tulikuwa klabu ya redio ya watu wanne. Watu wa mtaani walidhani tuna kituo cha matangazo, na mara kwa mara mzee fulani angebisha hodi kutuomba tutangaze kifo cha ndugu yake au tumpigie wimbo wa kwaya. Masanja ndiye aliyewajibu: "Hapa mzee haturushi muziki. Tunarusha salamu tu." Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa redio ya ridhaa, ya watu wanaoongea hewani kwa kupenda, bila kulipwa. Unaita, mtu wa nchi usiyoijua anakujibu, mnaambiana majina na hali ya hewa, halafu kila mmoja anamtumia mwenzake kadi kwa posta kuthibitisha kwamba walisikiana. Leseni ilikuwa ya Mwalimu. Alifanya kazi ya simu za reli alipokuwa kijana, akaja kufundisha ufundi, na alipostaafu akabaki na redio hiyo, kubwa kama sanduku la nguo, ambayo aliifunika kwa kitambaa cha kufumwa kama wengine wanavyofunika kochi. Masanja alikuwa kijana wa Kisukuma, familia yake ilihamia Litapunga na ng'ombe wao, lakini yeye ng'ombe hakuwataka, alitaka nyaya. Oresti alikuwa mrina asali, Mkonongo, mwembamba, mwenye makovu ya nyuki hadi kwenye kope. Na mimi nilikuwa mwandishi.

Nilipata kazi hiyo kwa ajili ya mwandiko. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikawa nauza maandazi pale nje kwa Mwalimu, na siku moja aliniomba nimwandikie anwani kwenye bahasha kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika. Aliitazama ile bahasha muda mrefu. "Wewe ndiye utatushikia daftari," akasema. Masanja akalalamika kwamba naandika kama kinyonga anavyotembea. Mwalimu akamjibu, "Anaandika polepole lakini kesho utasoma. Wewe unaandika haraka, na kesho hata mwenyewe hujui uliandika nini." Oresti alicheka hadi akashika mlango. Mimi niliangalia chini. Siku zile nilikuwa na aibu kupita kiasi. Mtu akiniuliza jina nilijibu kwa sauti ndogo hata ikabidi aulize tena. Kwenye daftari sikuhitaji sauti. Saa, jina la kituo, kilichosemwa, na mwisho wa mstari neno moja: amepokea, au hakupokea. Mwalimu alikuwa na msimamo mmoja kuhusu daftari lile. Kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Tukibishana, tulifungua ukurasa, na ubishi ukaisha.

Nakumbuka chumba kile kwa harufu zaidi. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo chuma cha kuchomelea tulikipasha kwenye jiko la mkaa, na jiko hilohilo ndilo lililopikia chai. Risasi, ile ya kuungia nyaya, ikiyeyuka ilitoa moshi mchungu uliokaa kooni, halafu juu yake ukaja mvuke wa chai ya asali, kwa maana Oresti hakuruhusu sukari ndani ya chumba kile. "Nyie watu mnakula majivu meupe mnaita sukari," alikuwa akisema. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, vigumu kiasi kwamba Masanja alidai kimoja kinaweza kushikilia nguzo ya antena. Betri ya gari tuliipeleka kwenye mashine ya kusaga ikachajiwe, tukairudisha kwa baiskeli. Mwaka ule tulikuwa na mipango miwili, na ndiyo iliyogongana. Wa kwanza ulikuwa wa Oresti. Mwalimu alikuwa ameunda redio ndogo ndani ya bati la biskuti, yenye masafa mamoja tu, na Oresti alitaka kwenda nayo kambi ya asali huko msitu wa Ugalla, siku mbili kwa baiskeli, ili kila jioni saa kumi na moja azungumze nasi; mazungumzo hayo tuliyaita zamu. Warina asali hukaa msituni wiki tatu, nne, na mtu akiumwa au akifa kule, nyumbani watu huendelea kumtengea chakula bila kujua. Mpango wa pili ulikuwa mashindano. Kuna siku mbili katika mwaka ambazo watu wa redio ya ridhaa dunia nzima huitana, Jumamosi na Jumapili, na anayejibiwa na nchi nyingi ndiye mshindi. Mwalimu alikuwa hajawahi kushiriki. Alituambia kwamba Mpanda haijawahi kusikika humo hata mara moja, na alivyolisema hilo ungedhani ni kosa ambalo yeye ndiye aliyelifanya.

Ni lazima nieleze habari ya waya, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Kila masafa yana urefu wake wa waya. Kwa kuongea na mtu wa Ugalla tulihitaji waya mrefu, uliotundikwa chini chini kutoka kwenye mkaratusi hadi kwenye bomba nyuma ya choo. Kwa kuzifikia nchi za mbali mchana tulihitaji waya mfupi, ulioinuliwa juu kadiri ya uwezo. Na waya wa shaba tulikuwa nao mmoja. Mwalimu aliupima kwa futi kamba, akaandika vipimo vyake ubaoni, akasema Ijumaa jioni tutaukata, Jumatatu tutauunga tena kwa risasi. Masanja alisema kukata waya mzima kunauma kama kuchinja ng'ombe wa maziwa. "Hata hivyo utamla," Oresti akamwambia. "Nyie huwa mnawalilia mkishiba."

Oresti aliondoka mwezi wa kumi na moja, mawingu yakiwa yameshaanza kujaa. Mwalimu alimsimamisha mlangoni, baiskeli imeshafungwa betri na bati la biskuti, akamrudisha kwenye kanuni kama mtoto wa shule. "Ukiita zamu mbili hujibiwi?"

"Shida iko kwangu, Mwalimu. Siyo kwenu."

"Kwa hiyo?"

"Naangalia betri, naangalia viungo. Vikiwa vizima, nahamisha waya napeleka sehemu ya wazi, ya juu."

"Na husubiri."

"Sisubiri." Kisha akanigeukia mimi. "Dada Gauda, nikiita unijibu kwa sauti ya mtu mzima. Usininong'oneze kama uko kanisani. Nyuki wangu wana kelele kuliko wewe." Masanja akapiga makofi. Nikamwambia aende salama, na yeye akaweka mkono sikioni, akasema hajasikia.

Kwa siku kumi na moja zamu zilikwenda vizuri. Mwalimu aliniachia maiki nizungumze mwenyewe, na nadhani hizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote za ujana wangu. Saa kumi na moja sauti ya Oresti ilitoka kwenye kispika ikiwa nyembamba na yenye mikwaruzo: "Mpanda, Mpanda, Ugalla anaita, ova." Ova ni kusema amemaliza, sasa ajibu mwenzake. Alinitajia mizinga iliyojaa na iliyoliwa na nyegere, nani ana homa, nani anasalimiwa. Hapo ndipo nilipoanza tabia ambayo nimeijutia maisha yangu yote. Mkono wangu haukuweza kumfuata. Alipokuwa anamaliza, mimi nilikuwa bado kwenye sentensi ya pili. Basi nikawa naandika mbele. Kabla ya zamu, nilikuwa nimeshajaza saa, kituo, ujumbe wetu kwake, na neno amepokea mwishoni, ili zamu ikianza nibaki na yale ya kwake tu. Kwa nini nisiandike? Alikuwa anapokea siku zote.

Ijumaa ile tangu mchana anga la upande wa Ugalla lilikuwa jeusi. Mwalimu na Masanja walikuwa nje wanainua bomba jipya, wakiunganisha mabomba mawili kwa mipira ya baiskeli, na sauti zao ziliingia dirishani: shika, legeza, siyo huko, kwani wewe una mikono mingapi. Mezani nilikuwa na karatasi aliyoniandikia Mwalimu. Nimwambie Oresti kwamba Jumamosi na Jumapili hakuna zamu, waya utakuwa umekatwa kwa ajili ya mashindano, asiite, asubiri Jumatatu. Nikaandika mbele kama kawaida: *Ugalla. Kunyamaza Jumamosi na Jumapili. Amepokea.* Wino ulikuwa umekauka alipoita.

Alikuwa na mengi siku ile. Kijito cha kambini kilikuwa kimegeuka mto. Walikuwa wamehamishia mapipa ya asali juu ya kichuguu. Walikuwa na chakula cha kutosha, hawakuwa na haja ya kuvuka popote hadi maji yapungue. Nilikuwa naandika hayo, ulimi nje, na yeye akaongeza, "Leo kwa Mwalimu mmepika nini? Sisi huku uyoga asubuhi, uyoga jioni, karibu tuote ukungu. Ova." Nikacheka peke yangu. Nikamaliza mstari, nikabonyeza maiki, nikaanza kusoma ile karatasi. Nilipoachia, kispika kilikuwa kinanguruma tu. Radi. Niliita tena, nikasoma tena. Mngurumo. Niliita mara ya tatu na nadhani, kwa mbali, nilisikia kitu kama sauti, lakini sikusikia neno.

Dirishani Mwalimu akauliza, "Amepata?"

Kabla sijajibu Masanja alikuwa ameshaingia kufuata koleo, amelowa, anahema. Akainama juu ya daftari. "Amepokea, Mwalimu! Imeandikwa."

"Safi. Toa waya kwenye redio, radi inakuja. Gauda, hongera."

Nilifungua mdomo. Sitaki kusema kwamba sikupewa nafasi. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa, Masanja alipokuwa anatafuta koleo chini ya meza na kulaani giza. Ningesema maneno mawili tu, bado hajajibu. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini daftari linasema amejibu, na Mwalimu angejua kwamba kwa siku kumi na moja nilikuwa naandika mambo kabla hayajatokea. Nikafunga mdomo. Nje nikasikia koleo likikata waya. Ni sauti ndogo sana.

Jioni ile tulikula wali na uyoga kwa mke wa Mwalimu, kwa furaha ya maandalizi. Nakumbuka kila kitu cha mlo ule, maana nilikuwa naapa kwamba nitasema nikimaliza kutafuna. Mwalimu alikuwa amevaa shati safi. Alimwambia mkewe kwamba kesho Mpanda itasikika hadi ng'ambo ya bahari mbili, na mkewe akamuuliza kama huko ng'ambo watamletea bati la kuziba paa la jiko linalovuja. Masanja akasema yeye akijibiwa na mzungu wa kike ataacha klabu. Kila mtu alikuwa anacheka. Nikajiambia siku mbili si kitu. Nikajiambia Oresti ana akili, ataelewa. Nilikula hadi nikaombwa niongeze, nikaongeza.

Mashindano yalikwenda vizuri kuliko tulivyoota. Sitaorodhesha nchi, ingawa niliziandika zote, na kwa mara ya kwanza niliandika kila neno baada ya kusemwa. Jumamosi ilipofika saa kumi na moja niliitazama saa ya ukutani. Mwalimu alikuwa katikati ya watu waliokuwa wanagombania kumjibu hewani, uso wake umekuwa wa kijana. Ningeweza kumwambia tugeuze masafa dakika mbili tu. Waya ulikuwa mfupi, lakini labda tungemsikia hata kwa kunong'ona. Mshale wa saa ukapita. Jumapili nikafanya hivyohivyo, ila siku hiyo sikuitazama saa. Nilijua ni saa ngapi kwa sababu wanakwaya walikuwa wanarudi kutoka parokiani.

Jumatatu tukaunga waya. Saa kumi na moja, mimi kwenye maiki: kimya. Jumanne, kimya. Masanja akasema betri imemwishia. Alhamisi asubuhi walikuja watu wawili wa kambi, miguu imevimba, baiskeli wameziacha njiani kwa sababu ya tope. Walikaa kwenye benchi mle chumbani na hawakutaka chai. Mkubwa wao, mtu wa ndevu za mvi, ndiye aliyesimulia. Oresti aliita Jumamosi hakujibiwa. Akaita Jumapili, akabaki anaita hadi walipomwambia aache. Akafungua bati, akaangalia viungo kimoja kimoja, akaonja betri kwa ulimi. Vyote vizima. Jumatatu asubuhi akasema kanuni ni kuhamisha waya, na sehemu ya wazi pekee ilikuwa kilima cha ng'ambo ya kijito. Walimkataza. Aliwaambia Mpanda watakuwa na wasiwasi. Akavuka na betri kichwani, bati limefungwa mgongoni kwa kitenge. Yule mzee alisema aliona betri ikianguka kwanza. Walimpata siku iliyofuata, kilomita kadhaa chini, wakamzika hukohuko, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumleta.

Mwalimu alikuwa amesimama. Akasema polepole, "Lakini alijua. Tulimwambia siku mbili hakuna zamu."

"Hakutuambia sisi," mzee akajibu. "Alikuwa anashangaa kwa nini hamjibu. Mtu aliyeambiwa anashangaa?"

"Imeandikwa," Masanja akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Imeandikwa amepokea." Akaenda kulileta daftari, akalifungua mbele yao. Wale wazee wawili hawakujua kusoma. Waliutazama ukurasa, wakatazamana, halafu wakauinamia ukweli wa karatasi kama watu wanavyofanya ofisini. Mkubwa akasema basi labda alisahau, au alitaka tu kuchezea redio yake. Vijana ni vijana. Walikuwa wamekaa naye wiki mbili, wamesikia kwa masikio yao, na mstari mmoja wa mwandiko wangu mzuri ukawashinda.

Mama yake Oresti alikuja baada ya siku tatu, na binti yake mdogo, Leokadia, wa miaka kama kumi na sita. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi ikabidi tukae karibu karibu, mkekani, mle chumbani. Mama hakulia. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi. "Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma. Niambie tu kwa mdomo. Mwanangu mlimwambia asiite, au hamkumwambia?"

Mwalimu alichukua daftari, akavaa miwani, akausoma mstari wangu wote.

"Amepokea ndiyo nini?"

"Ni kwamba alisikia, Mama. Alisikia, akakubali."

Alitikisa kichwa, na nikaona jambo fulani likijifunga usoni mwake kama mlango. "Tangu mdogo," akasema. "Ukimwambia usipande, tayari yuko juu. Nilijua kitakachomuua ni masikio yake." Akauliza nani aliandika. Mwalimu akanionyesha. Mama akanyoosha mkono, akanishika kiganja. "Asante, mwanangu, kwa kumwambia."

Nimeishi na mkono ule. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, na kila mara mtu akinishika kiganja kwa shukrani moyo wangu huanguka. Mwalimu siku ile alinitazama juu ya miwani muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Wiki iliyofuata alimpa Masanja daftari. Hakusema kwa nini, wala mimi sikuuliza. Hatukuita tena zaidi ya mara mbili tatu. Mwaka mpya ulipoanza redio ilirudishwa chini ya kitambaa chake, kadi za mashindano zikaja kwa posta moja moja, nzuri, za rangi, na hakuna aliyezibandika. Masanja alirudi Litapunga kwa ng'ombe wa baba yake. Mimi niliendelea kuuza maandazi, nikahamia upande mwingine wa mji. Mwalimu nilikuwa nakutana naye sokoni, tunasalimiana, ananiuliza habari ya watoto. Kama alijua, aliondoka nalo. Nimefikiri mara nyingi kwamba alinisubiri. Miaka yote hiyo kila salamu ilikuwa na nafasi ndani yake, na mimi nikaijaza na bei ya mafuta ya kupikia.

Ndiyo maana siku ya msiba wake, nilipotoka mle chumbani, nilikaa pembeni ya Leokadia. Amekuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, anajulikana kwa kusimamia jikoni kwenye shughuli za watu. Tulikuwa tunachambua mchele. Mjukuu wake, mvulana wa miaka tisa hivi, alikuwa amepanda juu ya nguzo ya turubai, na Leokadia akamkemea bila kuinua macho. "Oresti! Shuka. Umeambiwa mara ngapi?" Akawageukia wanawake wengine. "Nilifanya kosa kumpa hilo jina. Kaka yangu aliambiwa usiite, akaita. Akaambiwa usivuke, akavuka. Kwetu ubishi unarithiwa kama shamba." Wakacheka. Ilionekana wameshaisikia hadithi hiyo mara nyingi.

"Hakuambiwa," nikasema.

"Nini, Mama Neema?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, nikirudi kwenye waya, nikaruka hadi kwenye radi. Mikono yake iliendelea kuchambua, kisha ikawa inachambua mchele uleule, kisha ikasimama. Nilipofika kwa mama yake na mkono wake nikashindwa kuendelea.

"Mama aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kudhani anayo. "Hakumwombea misa hata moja. Padri alimuuliza. Alisema mtoto aliyejiua kwa kiburi aombewe nini." Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Na mimi huyu nimemchapa kwa ajili ya jina hilo. Unajua nimemchapa mara ngapi?"

Nikasema anisamehe. Hakujibu hilo, na hadi leo hajalijibu. Alimwita mtoto. Akaja, akasimama hatua mbili mbali, tayari kukimbia.

"Sogea. Hupigwi." Kisha akaniambia mimi, mbele ya wanawake wote, "Mwambie na yeye. Yote. Na sema kwa sauti, hawa nao wamenisikia mimi miaka mingi."

Nilisema kwa sauti. Nilisema yule babu yake aliyepewa jina lake alikuwa msikivu kuliko sisi wote, kwamba alifundishwa jambo na akalifanya kama alivyofundishwa, na kwamba mimi niliandika kwamba alisikia kitu ambacho hakukisikia, nikaacha hivyo. Sauti yangu ilitetemeka lakini haikukatika. Mtoto alinisikiliza huku akikwangua ukucha.

"Kwa hiyo aliyekosea ni wewe?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

Akaendelea kunitazama, akisubiri sababu iliyobaki. Sikuwa na nyingine.